Sehemu ya 9: Baba hasikii, lakini kelele zinamuumiza



Wiki iliyopita tuliongea habari ya mtoto anayeharisha, nikaahidi leo tumalizie vidonge vya zinki. Zinki tutaimaliza wiki ijayo, nisameheni. Juzi usiku mama mmoja kaniandikia inboksi hivi: "Nesi, mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Tukiwasha blenda anaziba masikio na kulia. Pikipiki ikipita anakimbilia chini ya meza. Bibi yake anasema ana mapepo, baba yake anasema namdekeza. Naomba unisaidie kabla hawajampeleka kwa mganga."

Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka simu chini. Wala sikumkumbuka mtoto yeyote niliyewahi kumhudumia. Nilimkumbuka baba yangu mzazi. Kwa hiyo dada yangu uliyeniandikia, nitakujibu, ila naomba nianzie kwetu, maana somo hili mimi sikulipata darasani. Nililipata nyumbani, tena nikiwa nimeshachelewa.

Baba aliendesha mashine ya kusaga pale Nyasho kwa miaka 26. Mliokulia Musoma mnazijua mashine zile: injini ya dizeli, mkanda mrefu unaozunguka, unga umejaa hewani, na mlio unaofanya watu waongee kwa mikono. Mama akishusha debe la mahindi au muhogo mkavu, anaonyesha kwa vidole anataka unga wa namna gani, baba anaitikia kwa kichwa. Jioni anarudi mweupe hadi kope. Anaoga, anakula, na saa nzima ya kwanza ilikuwa hakuna kumsemesha, maana hasikii. Mama yetu alikuwa anatuambia, "Mwacheni kwanza, mashine bado inasaga kichwani." Asubuhi anaamka yuko sawa, tunasahau.

Miaka ikaenda. Mashine ikauzwa, mama akatangulia mbele ya haki, baba akahamia kwa kaka yangu hapa Iringo. Mimi nakaa mtaa wa pili, kwa hiyo kila nikitoka zamu napita kumsalimia.

Hapo ndipo vita ilipoanza.

Wifi yangu anaita, "Baba, karibu chakula." Kimya. "Baba, chakula." Mzee anageuka, "Eeh? Sema kwa sauti mwanangu, sisikii." Wifi anapaza, "BABA, CHAKULA KIPO MEZANI!" Mzee anaruka kwenye kiti, anakunja uso, mkono sikioni: "Sasa mbona unanifokea? Mimi mtoto wako?"

Wifi anabaki amesimama na bakuli mkononi, hajui acheke au alie.

Ilikuwa hivyo kila siku. Ukiongea taratibu, hasikii. Ukiongeza kidogo, hasikii. Ukiongeza kidogo tena, umemtukana. Halafu kijiko kikianguka jikoni, yeye aliyeshindwa kusikia jina lake anashtuka kama kapigwa kofi. Majirani wakaanza kusema, huyu mzee anasikia anachotaka kusikia.

Jumamosi moja mtoto wa kaka, mwenye miaka minne, alikuwa anacheza na mifuniko ya sufuria, anaigonganisha kama matoazi ya kwaya. Babu yake amekaa karibu. Mimi nilikuwepo, nachambua mboga. Nilisikia mlio wa mifuniko, halafu nikasikia mlio wa bakora. Baba yangu, ambaye sisi watoto wake hakuwahi kutunyanyulia mkono, alimchapa mjukuu mkononi mpaka pakavimba. Kisha akakaa anatetemeka, kaziba masikio yote mawili, machozi yanamtoka. Mtoto analia, babu analia.

Usiku ule wifi alifunga begi. "Narudi kwetu Bunda na mwanangu. Huyu mzee hanitaki, tangu siku ya kwanza hanitaki. Kiziwi gani anasikia kijiko, mimi hanisikii?" Kaka akaniangalia mimi, nesi wa familia, niseme neno. Sikuwa na neno. Na niwaambie ukweli, moyoni nilikuwa nakubaliana na wifi. Nilishawahi kumwambia baba kwa ukali, "Baba, amua moja, unasikia au husikii?" Leo maneno yale yakinijia naona aibu.

Kaka akambembeleza mkewe, akakubali kusubiri wiki mbili. Lakini begi halikufunguliwa. Lilikaa pale mlangoni, kila anayeingia analiona.

MAMA ALIYEMUOGOPA MTOTO WAKE

Siku kama nne baadaye nilikuwa kazini, akaja mama kijana aliyejifungua wiki tatu nyuma. Upande mmoja wa uso umelala: jicho halifumbi, mdomo umeenda upande, akinywa chai inamwagika. Nyumbani walishamwambia amepigwa na upepo mbaya. Wengine wakasema kiharusi. Lakini kilichomliza si uso. Alisema, "Nesi, mwanangu akilia, sikio la upande huu uliolala ni kama linapasuka. Naogopa hata kumpakata. Mtoto wangu mwenyewe namuogopa."

Nikamuita daktari. Akamwambia akunje paji la uso, afumbe macho, atabasamu. Kisha akatueleza wote wawili. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso ulikuwa umevimba na kubanwa. Hali hiyo inaitwa kupooza kwa Bell, kutokana na Charles Bell, daktari wa Scotland aliyeuelezea mshipa huo karne ya 19. Huwapata zaidi wajawazito wa miezi ya mwisho na waliojifungua karibuni. Sasa sikilizeni jambo hili: mshipa huo huo unaofumba jicho unatoa tawi dogo kwenda kwenye msuli mmoja uliomo ndani ya sikio. Msuli wenyewe una urefu wa milimita 6 hivi, na umeshika mfupa mdogo kuliko yote mwilini, unaoitwa kikuku. Kelele kubwa ikija, msuli unavuta ule mfupa ili sauti isiingie yote, kama mtu anavyoegemea mlango upepo wa ziwani ukivuma. Mshipa ukilala, msuli nao unalala, na mlango hauna wa kuuegemea.

Alianzishiwa dawa, ambazo husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku 3, tukamfundisha kulilinda jicho lisikauke na kulifunga usiku. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Yeye alipomleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya 14 alikuwa anatabasamu pande zote mbili, na mtoto alikuwa anapiga kelele begani kwake wala hajali.

(Mama zangu, uso ukilala ghafla msikae nyumbani mkijadili kama ni Bell au ni kiharusi. Hiyo ni kazi ya hospitali, na ni siku hiyo hiyo.)

Lakini siku ile ya kwanza akili yangu ilikuwa imeshatoka kwa mgonjwa, imekimbilia Iringo. Nilimfuata daktari koridoni. "Daktari, inawezekana mtu hasikii vizuri, halafu sauti ikiongezwa inamuumiza?" Hakunijibu. Aliniuliza, "Alikuwa anafanya kazi gani?" Nikasema, mashine ya kusaga. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeshaambiwa yote. "Mpeleke akapimwe."

MWANZA

Tulipanda basi la alfajiri. Stendi dereva alipiga honi, baba akainama kama anakwepa jiwe. Zamani ningemwambia, honi tu hiyo baba. Safari hii nilimshika mkono. Tukapita Bunda, Lamadi, Magu, hakusema kitu njia nzima.

Kwa mtaalamu wa masikio alivalishwa vifaa vya kusikilizia, akapewa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Mimi nimekaa nje ya kioo namtazama. Mlio unatumwa, baba hana habari. Unaongezwa, hana habari. Unaongezwa, hana habari. Nililia pale, jamani. Sauti zote zile alikuwa anazikosa, na mimi nilidhani ananipuuza.

Karatasi ilionyesha anaanza kusikia kwenye desibeli 60 hivi. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni hizo hizo 60. Yaani sisi tukiongea, yeye anaokota makombo. Kisha mtaalamu akapandisha sauti polepole, akamwambia aseme ikianza kumkera. Karibu na 100 baba akanyoosha mkono, "Inatosha! Inatosha!" Na mtaalamu akatuambia, mtu mwenye masikio mazima naye huanza kukereka karibu hapo hapo.

Hebu shikeni hesabu hiyo. Mwenye masikio mazima anaanza kusikia kwenye sifuri, anakereka kwenye 100. Ana ngazi ndefu ya kupanda. Baba anaanza 60, anakereka 100. Ngazi yake imekatwa chini, juu imebaki vile vile. Ndiyo maana ukipaza sauti kidogo tu, kutoka "sisikii" mpaka "unanifokea" ni hatua mbili.

Kwa nini inakuwa hivyo? Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana. Ziko za aina mbili. Za ndani ni kama 3,500 kwa kila sikio, ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000, na kazi yake kubwa ni kuzikuza sauti ndogo: mnong'ono, nyayo za mtu, mtoto anayejigeuza kitandani. Sauti kubwa hazihitaji msaada huo, zinaingia kwa nguvu zake. Kelele za miaka mingi huanza kwa kuua hizi za nje, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Basi sauti ndogo zinapotea, lakini sauti kubwa zinaingia kama zamani.

Mimi wifi nilimweleza kwa mfano wa redio. Si mnakumbuka redio ya zamani ambayo kitufe cha sauti kimechakaa? Unazungusha, kimya. Unazungusha, kimya. Unagusa kidogo tu, inabweka nyumba nzima. Sikio la baba ndiyo redio hiyo. Wataalamu wanaiita hali hiyo rikrutimenti, na daktari mmoja wa New York, Edmund Fowler, aliichunguza tangu miaka ya 1930. Yaani kabla hata baba hajazaliwa jibu lilikuwepo, ila halikuwa limefika nyumbani kwetu.

Mtaalamu alimweleza baba uso kwa uso, taratibu, bila kupaza sauti. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo yule mtoto hakukosea?"

Mtaalamu hakuelewa swali. Mimi nilielewa.

KWA NINI SAUTI HUUMIZA

Hiyo ya baba ni sababu moja. Kuna hali nyingine ni kama ndugu yake, inaitwa haipakusisi. Hapa hata sauti za kawaida, vyombo, maji ya bomba, watoto wakicheka, mtu anazipokea kama kelele za kuumiza. Wengine masikio yao yakipimwa yanasikia vizuri kabisa. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaegemea ni kwamba tatizo linahusu pia ubongo. Ubongo ukiona habari kutoka sikioni zimepungua, unajiongezea sauti wenyewe ili usikose kitu, na matokeo yake kila kinachoingia kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili.

Nitaje chanzo kimoja kimoja, haraka:

1. Kelele. Mashine za kusaga, injini za boti, gereji za kuchomelea, baruti na mashine za kusaga mawe kwenye machimbo ya dhahabu, na spika za harusi. Kipimo wanachotumia wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebaki na dakika 15 tu. Mlipuko mmoja wa karibu unaweza kuharibu papo hapo.

2. Mshipa wa uso kulala, kama yule mama kijana.

3. Kuumia kichwa. Aliyeanguka na bodaboda, wiki kadhaa baadaye anasema mwanga na kelele vinamsumbua, msimwambie anajidekeza.

4. Kipandauso. Siku kichwa kinapouma, sauti ya sahani ni adhabu.

5. Usonji. Watoto wengi wenye usonji wanapata shida na sauti fulani, ingawa wanasikia.

6. Baadhi ya dawa, na hapa naomba utulivu. Kwinini inaweza kufanya masikio yalie na kusikia kupungua, na mara nyingi hali hiyo huondoka dawa ikiisha. Ndiyo maana bibi zetu wakisema "nimekunywa kwinini masikio yanaimba," hawatungi. Jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuharibu zile seli moja kwa moja, hasa kwa dozi kubwa, muda mrefu, au figo zikiwa na shida. Lakini mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, sindano ya jentamaisini inaokoa maisha yake. Usiikatae hospitalini. Ninachokukataza ni kununua sindano dukani na kuchomwa na jirani. Na anayetumia dawa za TB asiache. Akisikia masikio yanalia au anasikia vibaya, arudi kituoni aseme.

7. Sababu za nadra. Wapo watu ambao mfupa mwembamba unaofunika sehemu ya ndani ya sikio una tundu. Hao husikia nyayo zao wenyewe zikigonga kichwani, na wengine husikia hata macho yao yakigeuka. Daktari Lloyd Minor wa Marekani na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1998. Kabla ya hapo mtu akisema anasikia macho yake, fikirieni alikuwa anaitwaje.

DADA YANGU WA BLENDA, SASA NAKUJIBU

Mwanao hana mapepo. Na hajadekezwa.

Kwanza, watoto wadogo wengi huogopa sauti za ghafla kwa kipindi fulani, na huwaisha wakikua. Kwa hiyo usianze na hofu kubwa. Lakini usikae tu. Mpeleke kituo cha afya waangalie masikio yake. Je, analivuta sikio, ana homa, sikio linatoa usaha? Sikio lenye maambukizi linauma, na kelele inamzidishia. Usimwekee mafuta ya moto, kitunguu wala kijiti.

Pili, omba apimwe kusikia, hata kama unaona anasikia sana. Nimekueleza habari ya baba kwa sababu hiyo. Mtu anayeziba masikio anaweza kuwa ndiye huyo huyo asiyesikia vizuri. Jiulize: anageuka ukimwita kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo? Maneno yake yanaongezeka kama ya wenzake?

Tatu, mwangalie kwa ujumla. Anakutazama usoni? Anaonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Anacheza na wenzake? Akiitwa jina anageuka? Kama mengi kati ya hayo jibu ni hapana, mwambie daktari bila kuficha, ili aangaliwe kama ana usonji. Mapema ni bora. Usonji si laana na wala si malezi mabaya.

Nne, nyumbani mwambie kabla. "Mama anawasha blenda sasa, moja, mbili, tatu." Mwache akae mbali, mlango umefungwa. Siku nyingine mwache abonyeze yeye mwenyewe, kwa sekunde moja, halafu mbili. Sauti anayoiongoza mwenyewe inatisha kidogo kuliko inayomvamia. Usimlazimishe azoee kwa kumshikilia pale. Na usimchape. Nimeona kwa macho yangu fimbo inafanya nini kwenye nyumba yenye masikio yanayouma: inahama tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

TULICHOBADILISHA NYUMBANI

Vifaa vizuri vya kusaidia kusikia vinakuza sauti ndogo na kuzizuia zile kubwa, na lazima vipangwe kulingana na kipimo cha mtu. Bei ilitushinda siku ile. Tumeanza kuchangia, kaka na mimi na wadogo zetu, kidogo kidogo kwenye kikoba. Kuna vile vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani vinavyokuza kila kitu. Kwa mtu kama baba hivyo ni mateso, maana vinakuza na mfuniko wa sufuria. Msinunue bila kupima.

Lakini mengi tuliyobadilisha hayakuwa na bei. Yaandikeni:

- Hatumwiti kutoka chumba kingine. Tunamfuata, tunamgusa bega, tunasubiri atutazame.
- Tunaongea usoni kwake, penye mwanga, sauti ya kawaida, taratibu. Hatupazi sauti. Asipopata neno, tunabadilisha neno badala ya kulirudia kwa ukali.
- Redio na tivi zinazimwa kwanza, mazungumzo baadaye.
- Wifi ametandika kitambaa kwenye kabati la vyombo, na mifuniko ina mahali pake.
- Hazibi masikio siku nzima. Hili wengi hukosea. Ukikaa na pamba masikioni muda wote, ubongo unazidi kujiongezea sauti, na tatizo linakua. Kinga ni kwa penye kelele kweli: mashine, harusi, mnada. Nyumbani, sauti laini ya chinichini inasaidia kuliko ukimya kabisa. Baba anapenda kukaa jioni ufukweni, mawimbi yanapiga taratibu.
- Pombe, hasira na kukosa usingizi vinamzidishia. Siku hajalala vizuri, tunajua.

Na kwa ajili ya watoto wetu, maana yaliyoharibika kwa baba hayarudi, lakini ya hawa bado yapo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Wapelekeni chanjo ya surua na rubella, ambayo nchini kwetu imekuwa ikitolewa kwa pamoja tangu 2014. Mtoto mchanga mwenye manjano, homa au degedege, hospitali mara moja. Usaha wa sikio usizoeleke. Kwenye harusi usikae na mtoto mbele ya spika. Sogea nyuma, mbali kabisa, au mwache nyumbani na bibi. Na kijana wako anayeanza kibarua kwenye mashine ya kusaga au gereji, kabla hujamuuliza analipwa shilingi ngapi, muulize kama ana vifaa vya kuziba masikio.

Kuhusu wifi yangu. Siku tuliporudi kutoka Mwanza nilikaa naye jikoni, nikamweleza ile habari ya redio. Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Hakusema kitu. Baadaye nikamuona anaenda sebuleni, anachuchumaa mbele ya baba, anamshika goti na kusema kwa sauti ya kawaida, "Baba, nimepika ndizi na sangara. Unakula sasa au baadaye?" Baba akamtazama mdomo, akasema, "Sasa, mama." Bila kuulizwa mara ya pili.

Begi liliondoka mlangoni siku mbili baadaye. Sikuuliza.

Mtoto alichukua muda mrefu zaidi, na sitawadanganya. Karibu miezi miwili alikuwa akipita mbali na kiti cha babu. Baba alimuomba radhi, mtoto wa miaka minne hajui radhi ni nini, alikimbia. Ila sasa wana mchezo wao. Mtoto akitaka kumsemesha, anagonga goti la babu mara mbili kwa kidole, kama anabisha hodi. Babu anasema, "Karibu." Ndipo anaanza stori zake. Mifuniko ya sufuria anaichezea nje, chini ya mwembe, na babu akiona ameichukua anainuka mwenyewe kwenda ufukweni.

Mimi bado napita kila nikitoka zamu. Namgusa bega kwanza, halafu ndiyo shikamoo. Siku hizi ananijibu.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayeambiwa "anasikia anachotaka", au mtoto anayeziba masikio, niandikieni hapa chini au inboksi, sitataja jina la mtu. Wiki ijayo ni zinki kweli, naahidi.

Ni mimi nesi wenu wa Iringo. Usiku mwema.